Mrejesho: rangi za terminali kwenye Windows

Wakuu, niliuliza kwa nini programu yangu ya C inapaka rangi maandishi ya terminali (dirisha la amri) vizuri kwenye Linux, ila kwenye Windows inatapika "←[31m". Nimefanikiwa. Windows 10 inazielewa alama hizo za ANSI (misimbo inayoiambia terminali ipake rangi gani), lakini lazima uuamshe uwezo huo kwanza: unasoma hali ya konsoli (terminali ya Windows) kwa GetConsoleMode, unaongeza swichi ya ENABLE_VIRTUAL_TERMINAL_PROCESSING, unaiandika tena kwa SetConsoleMode. Mistari michache tu, na mimi nilishaanza kuandika kila kitu upya! Nimeizungushia #ifdef _WIN32, ili iingie kwenye Windows tu.

Aliyenishauri PDCurses (maktaba ya kuchora skrini za maandishi), asante, ila kwa rangi na kusogeza kishale (alama ya mahali pa kuandika) tu niliona ni mzigo.

Kimebaki kimoja: nikikatisha kwa Ctrl+C kwenye Linux, kishale nilichokificha hakirudi mpaka niandike amri ya reset.