MREJESHO: Faili kuharibika kwenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux) baada ya kusasisha Debian 12

Wakuu, swali lilikuwa: kwa nini faili zinazoandikwa kwa O_DIRECT (kuandika moja kwa moja kwenye diski bila kupitia kache) zinaharibika ilhali diski ni nzima? Mchawi ni kerneli (kiini cha Linux) 6.1.64. Iliingizwa rekebisho la ext4 kutoka matoleo mapya, likaachwa badiliko la iomap (sehemu ya kerneli inayosaidia kusoma na kuandika faili) ambalo rekebisho hilo linalitegemea. Matokeo: kerneli inakosea nafasi ya kuandika ndani ya faili. Badiliko hilo lilikuwemo tangu 6.5, kwa hiyo aliyepona ni mwenye kerneli mpya, si mwenye ile ya "kuaminika".

Kujua kama mnayo kerneli hiyo, msiishie kwenye `uname -r`, inaonyesha 6.1.0-14 tu. `uname -v` ndiyo inataja 6.1.64-1. Ukiiona, washa upya, chagua 6.1.0-13 (yaani 6.1.55) kwenye menyu ya GRUB (inayotokea kompyuta inapowaka), kisha:

`apt update && apt install linux-image-amd64`
`apt purge linux-image-6.1.0-14-amd64`

Tiba ilianza 6.1.66, iliyokuja na Debian 12.4 tarehe 10 Desemba 2023.

e2fsck (programu ya kukagua ext4) haisaidii hapa; inakagua muundo wa mfumo wa faili, si yaliyomo. Linganisheni `sha256sum` (alama inayotokana na yaliyomo) ya faili zenu na ya nakala rudufu za kabla ya kusasisha.