Naomba ushauri: podikasti ya duka la vipuri vya bodaboda, Kampala

Habarini wakuu. Nauza vipuri vya bodaboda hapa Kampala, na nina podikasti ya Kiswahili kuhusu pikipiki: kutambua cheni feki, oili ipi inafaa injini ipi, mambo hayo. Shida ni kwamba wasikilizaji wengi wako Kenya na Tanzania, ilhali wanunuzi wangu wako hapa hapa na wanaongea Kiluganda. Nianzishe kipindi cha pili cha Kiluganda, au nichanganye lugha humo humo? Kuchanganya naona kutawachosha wote.

Halafu bando. Tangu Julai 2021 data inakatwa kodi ya asilimia 12, kwa hiyo mtu wa boda hapakui kipindi cha dakika 40 (hata mimi nisingepakua). Vipande vifupi ninavyorusha WhatsApp ndivyo vinavyoleta mtu dukani, anauliza: "Ile klachi uliyosema ipo?"

La mwisho: nimealikwa kwenye kipindi cha mwingine, ila mwenyeji anataka nimlipe. Mimi najua mgeni analeta maarifa, halipi. Mliowahi kulipa, wateja walikuja kweli?