Mtoto Mohammed katika "Der Rosenkavalier": abaki jukwaani au aondolewe?

Wadau, naomba tulijadili hili. Opera ya kuchekesha ya Richard Strauss, "Der Rosenkavalier", iliyooneshwa kwanza Dresden tarehe 26 Januari 1911, ina mhusika asiyeimba wala kutamka neno. Anaitwa Mohammed, mtoto mweusi anayemtumikia mke wa jemadari mkuu huko Vienna. Hugo von Hofmannsthal, aliyetunga maneno, aliagiza avae njano na avikwe njuga za fedha. Asubuhi analeta chokoleti ya kunywa. Baadaye anakabidhiwa kasha la waridi la fedha ampelekee kijana Octavian, naye Octavian akalitoe kwa Sophie kwa niaba ya Baron Ochs, mposaji mroho. Vijana wanapendana, Ochs anaumbuka, wapenzi wanatoka. Jukwaa li tupu. Hapo Mohammed anaingia na mshumaa, anatafuta leso ya Sophie, anaiokota, anatoka mbio. Pazia.

Zamani watoto wa Kizungu walipakwa rangi nyeusi kuigiza nafasi hiyo. Siku hizi waongozaji wengine wanamweka mtu mwingine kabisa.

Mimi nasema asifutwe. Kisa kimewekwa Vienna ya miaka ya 1740, na watoto wa Kiafrika walikuwamo kweli katika nyumba za wakubwa. Angelo Soliman aliletwa Ulaya utotoni akiwa mtumwa, akatolewa zawadi kwa kabaila Lobkowitz, akaja kuwa msomi aliyeheshimika mjini. Alipofariki mwaka 1796 walimchuna ngozi, wakaijaza, wakamweka kwenye makumbusho ya Kaisari kama mnyama. Binti yake Josephine aliomba mwili wa baba akauzike, hakupewa. Ukimtoa Mohammed, Vienna inabaki na waridi na dansi ya waltz tu.

Mchangiaji: Ndugu, historia hiyo ipo kwako, haipo jukwaani. Watazamaji wanaona katoto keusi kanakobeba sinia na kuliza njuga, wanacheka. Na leo utampata wapi wa kuigiza? Utamchukua mtoto wa mtu, mweusi, umvishe njuga mbele ya ukumbi mzima. Mwanangu simtoi.

Mleta mada: Hoja ya mtoto imenigusa, na njuga hata mimi nazikataa. Nafasi hiyo apewe kijana mkubwa anayejua anachoigiza, avae kama watumishi wengine. Lakini ule muziki wa mwisho, mwepesi, wa hatua fupifupi, Strauss aliuandika kwa nyayo zake. Mabwana wote wameshaondoka, aliyebaki na taa ni yeye. Nataka asimame pale kidogo, leso mkononi, atutazame kabla pazia halijashuka.