Naomba ushauri: programu yangu ya ziwa inakesha, je, nitafute kompyuta kuu (supercomputer)?

NyarDunga: Habari zenu. Nilisomea biolojia, sasa nasaidia utafiti hapa Kisumu, na Python, lugha ya kuandikia programu, nimejifunza mwenyewe. Nimeandika programu ya kukadiria jinsi joto linavyosambaa kwenye maji ya Ghuba ya Winam. Nimeigawa ghuba vyumba 1000 kwa 1000, na kila hatua kila chumba huhesabiwa upya kutokana na majirani wake wanne. Hatua 100 huchukua karibu dakika mbili, nami nahitaji maelfu. Juzi stima ilipotea usiku, betri ikaisha, kazi yote ikaenda. Mwenzangu anasema nihamie lugha ya Fortran ama niombe nafasi kwenye kompyuta kuu. Nifanye nini?

FundiMilimani: Pole sana dada. Usihame bado. Vyumba milioni moja kwa namba za biti 64 ni megabaiti 8 tu. Bila shaka umeandika luupu (amri ya kurudiarudia) ndani ya luupu, na hapo Python hukagua kila namba moja moja. Weka ghuba yote kwenye arei (jedwali la namba) ya NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, uisogeze nzima kwa amri ya np.roll pande nne, ujumlishe kwa mkupuo. Halafu hifadhi matokeo kwenye faili kila baada ya hatua 500, stima ikipotea unaendelea ulipoachia.

Kondele_254: Fortran ni ya 1957 lakini si ya kudharauliwa, modeli ya hali ya hewa ya WRF imeandikwa kwayo. Ila kabla ya kompyuta kuu, pima kwa cProfile, kipima muda cha Python, ujue muda unaishia wapi. Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alieleza 1967 kikomo cha kugawanya kazi: asilimia 10 ya kazi ikiwa haigawanyiki, hata ukipewa prosesa elfu hutazidi kasi mara 10. MPI, njia ya kugawia prosesa nyingi kazi moja, itakuja baadaye. Mfumo endeshi wa Linux anza kujifunza leo, mashine zote za TOP500, orodha ya kompyuta kuu 500 zenye kasi zaidi duniani, zinautumia tangu 2017.

NyarDunga: Asanteni mno! Hatua 100 sasa ni sekunde tatu. Lakini joto la ufuo wa Kisumu linatokea upande wa kisiwa cha Rusinga, ng'ambo kabisa!

FundiMilimani: Kosa langu, dada, nilipaswa kukuonya. np.roll huzungusha: kinachotoka ukingo mmoja huingilia ukingo wa pili. Tumia vipande vya arei, `T[1:-1, 1:-1]` (vyumba vyote isipokuwa vya ukingoni) na wenzake, kisha kingo uziwekee masharti yako mwenyewe. Umefanya vema kutazama ramani.

NyarDunga: Nairekebisha sasa hivi.