Moyo umesimama, hujitambui, unaingizwa kwenye utafiti: ni sawa?

Wadau tujadili hili bila jazba. Mtu kaanguka, moyo umesimama, watu wa ambulensi wamefika wamemkandamiza kifua na kumshtua kwa umeme lakini wapi. Wanafungua pakiti ina sindano 10, ni adrenalini (dawa ya kujaribu kuuamsha moyo) au ni maji ya chumvi matupu, na anayedunga mwenyewe hajui. Sio stori za kijiweni hizi, ni utafiti wa PARAMEDIC2 wa Uingereza, 2014 mpaka 2017, wagonjwa zaidi ya 8,000, na ridhaa haikuombwa kabla maana ungemuomba nani?

Mimi naona ilikuwa sawa kabisa. Wanaosema waliodungwa maji ya chumvi "wamenyimwa dawa" wanaongea kama vile dawa ilishathibitishwa, wakati ilidungwa miongo kibao kwa mazoea tu. Matokeo yakatoka 2018, waliofikisha siku 30 wakiwa hai ni asilimia 3.2 kwa adrenalini na 2.4 kwa maji ya chumvi, kwa hiyo inaokoa, kidogo, ila kati ya walionusurika hadi kutoka hospitali, wenye ubongo ulioharibika vibaya ni asilimia 31 upande wa dawa na 17.8 upande wa pili. Hilo ungelijuaje bila kupima?

Hata kwenye majanga ni hivyo hivyo, manusura walikuwa wanakalishwa kikao kimoja cha haraka wasimulie yote eti wasije kuugua kiakili baadaye, tafiti zikaonesha hakizuii kitu na WHO inashauri kisitumike.

—

Mkuu kwenye kupima sikubishii. Ila hao watafiti walisema asiyetaka avae bangili maalum, sasa nani anavaa bangili ya kukataa utafiti ambao hata hajui upo? Halafu waliofariki, ambao ndio wengi mno, ndugu zao hawakutafutwa kuambiwa. Hapo ndipo mnaponipoteza.

—

Wewe ungempigia mjane simu msiba haujapoa umwambie mumeo huenda alidungwa maji ya chumvi? Mie nisingeweza. Ninachokubali ni ile kanuni ya Marekani ya tafiti za dharura zisizo na ridhaa, tangu 1996 lazima jamii ishirikishwe kabla utafiti haujaanza na matokeo yatangazwe hadharani.

—

Nani kasema simu? Barua ipo, tena baada ya miezi kadhaa, asiyetaka asiifungue. Mnaogopa watu watakasirika, basi wakasirike, ni ndugu yao yule.