Tupeane uzoefu: theluji, barafu na tairi za winta, nani alishajikuta mtaroni?

Mleta uzi (Minneapolis):
Wakuu heshima kwenu. Nipo Minneapolis, mwaka wa pili huu ila ndio winta ya kwanza nina gari yangu, mwaka jana nilikuwa mtu wa basi. Bongo nimeendesha miaka tisa, Dar mpaka Mbeya naijua kona kwa kona, kwa hiyo watu waliponiambia nunua tairi za winta nikawa nacheka moyoni, nikaona wanataka nichome hela tu. Sasa jana natoka shifti ya usiku, saa kumi na moja alfajiri, barabara nyeusi tii, theluji hata punje hakuna, nikajua leo mteremko. Nafika kwenye taa nakanyaga breki, pedali inatetemeka chini ya mguu krrr krrr krrr kama inasaga kokoto, nikadhani kuna kitu kimekatika, nikaachia. Gari ikapita taa nyekundu taratiiibu, mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili naangalia tu kama abiria. Mungu mkubwa hakukuwa na mtu. Nikapaki pembeni dakika kumi, miguu haina nguvu kabisa. Kwa hiyo leo nimekuja kwa adabu. Mlio na miaka mingi huko kwenye baridi, leteni yaliyowakuta wenyewe, sio ya kusikia.

Mdau wa Edmonton:
Pole sana mkuu. Hiyo krrr ni ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, ilikuwa kazini, ulipoachia ndio ukaikatisha. Kanyaga mpaka mwisho usiachie, na usukani uelekeze unapotaka kwenda, ABS kazi yake ni kukuachia usukani. Mambo ya kupampu breki ni ya magari ya zamani. Halafu barabara nyeusi isiyo na theluji ndio ya kuogopa kuliko nyeupe, barafu inakuwa nyembamba kama kioo unaona lami yenyewe chini yake. Mimi naangalia tairi za gari la mbele, kama barabara inaonekana imelowa lakini hairuki tone, basi hayo sio maji. Na madaraja yanaganda kabla ya barabara maana upepo unayapiga juu na chini. Huku tunafika -30, gari inalala imechomekwa kwenye umeme ili injini isigande, lakini amini usiamini mimi -30 siiogopi kama naogopa sifuri, maana kwenye sifuri barafu ina kautelezi ka maji juu.

Mkenya wa Massachusetts:
Wasee mimi kiburi yangu ilikuwa ya AWD, ile gari injini inasukuma magurudumu yote manne. Nilinunua gari kubwa nikawa napita watu kwa highway wakienda pole pole, najiambia hawa hawajui. Kwa exit nikashika breki, gari ikazunguka mara moja na nusu, nikajipata kwa mtaro naangalia nilikotoka. Dola 280 za kuvutwa. Jamaa wa towing hata hakunicheka, akaangalia tairi akasema "all season, eh?", yaani tairi za misimu yote, si za winta, akaendelea kufunga cheni.

Mdau wa Edmonton:
Hahaha pole kaka. AWD inakusaidia kuondoka, kusimama haikusaidii kitu. Kila gari ina breki magurudumu manne, hata hiyo ya bibi uliyempita.

Mama wa Mombasa, Gothenburg:
Jamani mie huku Sweden nilipelekwa kuteleza kwa lazima! Kabla ya leseni kuna somo la uwanja wa utelezi, halkbana wanaita. Mwalimu ati nenda kilomita 30, ukifika kwenye koni funga breki. Nikasimama, nikajiona dereva. Haya, sasa 50. Wallahi nilizipita koni zote, nikampita na mwalimu mwengine aliyesimama kule mwisho. Mwendo haukufika hata mara mbili, umbali wa kusimama ukawa karibu mara tatu. Tangu siku hiyo mtu akinipigia honi nyuma namwacha apige. Kuanzia 1 Desemba mpaka 31 Machi barabara ikiwa na theluji au barafu lazima tairi za winta na kashata, yale meno ya tairi, isipungue milimita 3. Zangu ni za misumari, kama njumu za mpira, kwenye barafu tupu zinauma kwelikweli ila lami kavu zinapiga kelele na zinatimua vumbi, ndio mana Stockholm kuna mitaa huruhusiwi kupita nazo.

Mleta uzi:
Swali la kijinga, zangu zimeandikwa M+S (matope na theluji) ubavuni, si zinatosha? Na huku kwetu njumu nimeambiwa ni marufuku.

Mdau wa Ujerumani:
Sio la kijinga, na mimi niliuliza hivyohivyo. M+S ni maneno ya kiwanda tu, hakuna jaribio nyuma yake. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, huku tangu Oktoba 2024 hiyo tu ndio inahesabika. Tofauti iko kwenye mpira wenyewe, tairi ya kiangazi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi inakakamaa kama ndala iliyoachwa juani miaka mitatu.

Mtu wa Bukavu, Québec:
Bandugu jambo. Huku hawakuulize kama unataka ao hautaki, 1 Desemba mpaka 15 Machi ni sheria. Mimi mwaka wa kwanza, mbele ya kujua sheria, nilinunua mbili tu nikaweka mbele, gari si inavutia mbele? Kona ya kwanza matako ya gari ikanipita! Mbele inashika, nyuma inaenda kwayo. Nunua ine, ama kaa nyumba.

Dereva wa lori:
Nimeshusha mlima Kitonga na mzigo miaka sita, huko unashuka na gia ndogo injini ikushike, breki zisiungue. Nikaja na akili hiyohiyo barabara kuu ya I-80 huku Wyoming, Marekani, nikashusha gia mbili kwa mpigo katikati ya mteremko wenye barafu na injini breki iko on. Tairi za nyuma zikajifunga, nikaona trela kwenye kioo cha pembeni linakuja kunisalimia. Sikugusa breki, nilikanyaga klachi zikaanza kuzunguka tena, likarudi kwenye mstari. Gia ni sahihi, ila shusha juu kabla hujaanza kuteremka, moja moja. Na injini breki kwenye barafu zima.

Dada wa Minnesota:
La mwisho mimi, mana watu hawalisemi. Ukikwama kwenye theluji na unataka kuwasha injini upate joto, shuka kwanza ufukue bomba la moshi. Likiziba ile hewa ya sumu ya injini inarudi ndani, haina harufu, unasinzia tu. Mimi koleo naweka ndani ya gari, sio kwenye buti, buti liliganda siku moja nikabaki nachimba na kikapu cha nguo.

Mleta uzi:
Asanteni sana aisee. Nimepata nne za mtumba, jamaa anauza dola 160 zote, mlima na chembe vipo, kashata bado imesimama. Nikaambiwa na mtu wa kazini niangalie tarakimu nne za mwisho kwenye DOT, ile namba ya kiwanda ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Nimechutama na tochi ya simu nafuta matope kwa kidole, naona 2213. Mpira wa 2013! Nimebonyeza kwa ukucha hauingii hata kidogo. Nimemwambia nakuja, niko njiani kurudi nyumbani kwa basi.