Leza ya faiba imegoma kupanda, napampu wati 150 napata 61 tu

fundi_mwanga: Wakuu habari za jioni. Nimeunga leza ya faiba hapa Dar, ya kawaida tu, faiba ya iterbiamu 10/125 (kiini mikroni 10, ganda 125), gretingi mbili za 1080, yaani vioo vya ndani ya faiba vya wimbi la nanomita 1080, na daiodi tatu za kupampu mwanga wa nanomita 976 zinaingilia kwenye kombaina, kile kiungo cha kuzikusanya kwenye faiba moja. Sasa nikipampu wati 60 inanipa 40 safi kabisa, nikipandisha 110 inatoa 66, nikifika 150 ndo inarudi nyuma 61 na nikiiacha dakika tatu inazidi kushuka. Maungio nimeyarudia mara mbili nikijua ndo tatizo, wapi. Chila, ile mashine ya maji ya kupoza, iko nyuzi 30. Halafu lile bamba la kunyonya mwanga uliobaki mwisho wa faiba linachemka mpaka linanuka. Nini hicho?

babu_lenzi: Bamba limeshakujibu mkuu. Wati unazopampu haziliwi, zinapita zinaenda kupasha bamba. Iterbiamu inakula vizuri pale 976, kilele chenyewe chembamba, ukikipita nanomita nne tano umeikosa. Na daiodi ikipanda nyuzi moja tu ya joto wimbi linasogea kama 0.3 ya nanomita, kwa hiyo umeme ukiwa mdogo uko palepale kwenye kilele, ukiongeza zinachemka wimbi linakimbia. Hebu fungua daiodi uangalie chini, kuna pesti ya joto au ulikaza boliti kavukavu? Na usiamini namba ya chila, ile ni ya maji, pima mwili wa daiodi.

kichwa_ngumu: Au hamia daiodi za nanomita 915 uache stresi, huko joto halisumbui sana. Ila inakula kama theluthi ya 976, faiba itabidi iwe ndefu mara tatu, na bei ya faiba unaijua mwenyewe 😂

mama_watt: Asije mtu akakwambia ushushe chila mpaka 18! Dar hii na joto hili umande unaanza nyuzi 24, 25 huko, daiodi zitatoa jasho kama soda imetoka friji, tone likidondoka kwenye pini za umeme kwisha habari. Washa AC kwanza chumba kikauke ndo uguse maji. Afu unavaa miwani gani? Isije ikawa ile ya leza ya CO2, ile plastiki nyeupe mwanga wa 1080 unapita kama hakuna kitu na wala huuoni.

fundi_mwanga: Ndo hiyohiyo aisee 😳 nimezima kila kitu.

fundi_mwanga: Nimerudi wakuu. Miwani ya 1080 nimeazima kwa jamaa. Daiodi zote tatu zilikuwa kavu, na chini ya moja kulikuwa na chenga ya alumini imeinyanyua upande, unapitisha kucha kabisa. Nimesafisha, nimepaka pesti, AC on, maji 27. Kwa wati 150 napata 102, nimeiacha dakika 40 inacheza 101 na 102, bamba vuguvugu tu.

babu_lenzi: Hapo sawa. Ukianza kukata usianze na shaba, tena usiipige wima, inarudisha mwanga ndani ya faiba.

fundi_mwanga: Babu, shaba ndo nilianza nayo 🙈

babu_lenzi: Basi kesho angalia ncha ya faiba kwa maikroskopu kabla hujawasha. Ikiwa na doa jeusi, leta picha.